Fundi Anajibu: CD haisomi kwenye mashine ya dansi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina ukumbi mdogo wa gemu Mbagala Rangi Tatu. Mashine inayonijazia watu Jumamosi ni Dance Dance Revolution 2ndMix, ile ya kukanyaga mishale kwa miguu, niliyoiagiza mtumba kutoka Japani. Siku hizi nikiiwasha inajikagua yenyewe na kila mstari unaandika OK, isipokuwa CDR unaoandika BAD. Nikizima na kuwasha tena na tena, kuna wakati inakubali. Kijana mmoja Kariakoo ananishauri nitoe bodi yote niweke kompyuta. Mwingine anasema kuna kifaa kinachokaa mahali pa deki ya CD, unachomeka memori kadi basi. Nimsikilize nani?
— Mama mwenye ukumbi, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikilize huyo wa pili, lakini usimpe hela bado.

Kwanza tujue tatizo liko wapi. Ndani ya mashine kuna boksi la bati lenye bodi ya kampuni ya Konami iitwayo System 573, ndugu wa damu wa PlayStation ya kwanza. Deki yake ya CD, ndiyo hiyo CDR inayoandika BAD, inaunganishwa kwa waya bapa wa pini 40, ule ule wa kompyuta za zamani. Mashine nyingi za aina hii zilitoka kiwandani na deki ya Matsushita CR-589, na lenzi za umri huo zimechoka. Hapa kwetu vumbi la barabarani na hewa ya chumvi vinazimalizia haraka zaidi. Ila deki inayokubali leo na kugoma kesho si lazima iwe imekufa. Mwambie fundi ashike mita apime plagi ya umeme ya deki mashine ikiwa imewaka: waya mwekundu na mweusi zisome volti 5. Zikishuka chini ya 4.75, ugonjwa uko kwenye pawa saplai, na kifaa kipya utakachonunua kitaumwa vile vile. Halafu achomoe waya bapa, asafishe meno yake, aurudishe, na asafishe lenzi kwa spiriti. Nimeona deki ikifufuka kwa hatua hizo tu.

Ikigoma, usikimbilie deki yoyote ya kompyuta iliyolala mezani kwa mtu. System 573 inachagua sana. Deki nyingi zinazofanya kazi vizuri kwenye kompyuta inazikataa kabisa.

Ndipo inapokuja emuleta ya deki. Kazi yake ni kujifanya deki: bodi inaagiza "nipe kipande fulani cha CD", nayo inakichukua kwenye memori kadi na kujibu kama vile kuna sahani inazunguka. Hakuna mota wala lenzi, kwa hiyo hakuna sehemu inayozunguka ya kuchoka. Kwa waya wa aina yako ipo inayoitwa ZuluIDE.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo watu wanapotupa hela. Gemu yako ni 2ndMix. Matoleo yale ya mwanzo muziki wake umechomwa kwenye CD kama nyimbo za kawaida, na deki yenyewe ndiyo inayoupiga. Data inapita kwenye waya bapa, lakini muziki unatoka nyuma ya deki kwa waya mwingine mwembamba hadi kwenye bodi. Matoleo ya baadaye yaliongezewa bodi nyingine inayopiga MP3, hayahitaji huo waya. Wewe unauhitaji. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: toleo hili la kifaa linatoa sauti ya CD, na waya wake unachomekwa wapi? Akibabaika, ondoka. Utafika nyumbani na mashine ya dansi isiyo na muziki.

Sababu hiyo hiyo inaamua namna ya kunakili CD yako. Usikubali faili la ISO, maana linabeba data peke yake na nyimbo zote zinabaki nje. Unataka BIN pamoja na CUE. BIN ni nakala ya CD nzima, data na nyimbo; CUE ni maandishi mafupi yanayoeleza kila wimbo unaanzia wapi. Nakili kutoka kwenye CD yako mwenyewe, mapema, kabla mikwaruzo haijazidi. CD ikinakiliwa hivyo haizidi megabaiti 850 hivi, kwa hiyo kadi ya GB 4 inakutosha na kubaki. Usishawishike na kadi za ukubwa wa ajabu kwa bei ya chee pale Mtaa wa Aggrey. Kadi feki ni nyingi, na programu ya kompyuta iitwayo H2testw inazifichua zinazodanganya ukubwa.

Siku ya kufunga, zima, chomoa ukutani. Mashine ya Japani inakula volti 100, na natumaini transfoma yako ya kushusha 230 zetu ni nzima. Kioo ni cha chogo: nyuma yake umeme wa maelfu ya volti unaweza kubaki hata baada ya kuzima, mikono isifike huko. Piga picha kila waya kabla ya kuchomoa. Jampa (kile kiplastiki kidogo kinachounganisha pini mbili) ya deki ya zamani ilivyokaa, ya kifaa kipya iseti vivyo hivyo. Mstari mwekundu wa waya bapa uelekee pini namba 1. Kifaa kikae juu ya vishikizo vya plastiki, kisiguse bati, na kikazwe, maana mashine hiyo inarukiwa kutwa.

Kaseti ya usalama iliyochomekwa kwenye bodi usiiguse. Emuleta haichukui nafasi yake, na ikipotea gemu haiwaki. Deki ya zamani pia itunze kwenye boksi kavu.

Kuhusu kompyuta, nakuomba usikubali. Gemu hii ni mguu kutua sawasawa na mdundo, na gemu ilitengenezwa kwa ajili ya bodi hiyo. Bodi nzima kama hizi hapa mjini ni za kutafuta kwa tochi. Mnaowashauri watu wazing'oe, mnaniumiza.

SWALI: Fundi, na mimi mwenye banda la PlayStation 2 Tandika, kifaa hicho kitanifaa?
— Msomaji, Tandika

JIBU: Hapana, deki ya PS2 haitumii waya huo. Wewe tumia programu ya Open PS2 Loader, inayopakia gemu bila kutumia deki. Kama PS2 yako ni ile nene, weka diski ngumu (hard disk) nyuma yake kwa adapta ya mtandao. Kama ni nyembamba, pakia gemu kwa waya wa mtandao kutoka kwenye kompyuta. Flashi inakubali pia, lakini USB ya PS2 ni ya kizazi cha 1.1, na video za katikati ya gemu zitakuwa zinakwama.