Kunoa kisu cha kukunja bila jiwe la dukani

Ndugu, umeuliza kama mawe ya huku Dodoma yanafaa. Kwa panga sawa, ila granaiti ina chembe kubwa mno kwa kisu kidogo. Pindua kikombe cha kauri: lile duara la chini lisilong'aa ndilo jiwe lako. Lilowanishe, inua mgongo wa kisu kama digrii 20, sukuma makali yatangulie, taratibu, pembe isibadilike. Ukipapasa upande wa pili kuelekea nje (usipitishe kidole kwenye makali!) ukasikia kijikunjo cha chuma kinakwaruza, geuza kisu unoe upande huo. Malizia kwa kuburuta kisu kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Kama kina mapengo, anza na msasa namba 400, kikombe kitakuchosha bure.