Kujifunza kumpima mgonjwa kwa njia ya mtandao: ushauri kwa wanaoanza uuguzi

Wadogo zangu mnaoanza uuguzi katika vyuo vya Mtwara na Lindi, mtapewa video, vipindi vya mubashara na wagonjwa wa kuigiza kwenye kompyuta. Njia hizi hazilingani, na kila moja ina stadi inayoifaa.

Kwa stadi za kutazama, naithamini zaidi video iliyorekodiwa. Mtoto mwenye kikohozi akilia wodini, hesabu ya pumzi huharibika. Kwenye video mnahesabu dakika nzima, mnarudia, kisha mnalinganisha na wenzenu, mkikumbuka kwamba kupumua haraka ni pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, na 40 au zaidi kuanzia hapo hadi kabla ya miaka 5. Andikeni jibu lenu kabla mwalimu hajalitaja, kwa maana anayetazama tu hubaki akidhani anajua. Jihadharini pia na video za nje zinazoonyesha upungufu wa damu kwenye ngozi nyeupe. Kwa wagonjwa wetu, mpauko unaoletwa na upungufu huo utafuteni ndani ya kope na kwenye viganja.

Kipindi cha mubashara hukwama mtandao ukiyumba, hivyo kiwekeeni maswali tu.

Mgonjwa wa kuigiza hufundisha mpangilio wa kazi, kwa mfano kwamba tumbo husikilizwa kabla ya kubonyezwa, kwa sababu kubonyeza kwaweza kubadilisha sauti za utumbo. Hata hivyo yeye hujibu kwa sentensi zilizokamilika, ilhali bibi wa Newala anaweza kuwaeleza maumivu yake nusu kwa Kimakonde, mjukuu akitafsiri, na ndiyo maana nawasihi mfanye mazoezi ya kuhoji na wenzenu wanaojua lugha za huku.

Stadi za mikono hazipatikani kwenye skrini. Siku hiyo hiyo mnapotazama video ya kupima presha, pimaneni kwenye maabara ya stadi, mkichagua mkanda unaoenea mkono vizuri, kwani mkanda mdogo huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Kisha mwombeni mkufunzi apime baada yenu, bila kuziona namba zenu kwanza.