Maonyesho ya bunduki Ohio: siku hizi unarudi na nyama kavu

Mkuu, umeuliza kama inafaa kutoka Kentucky kuja kwenye maonyesho ya bunduki huku Ohio, maana umesikia bei ni za kutupa. Kama ni bei tu, baki nyumbani. Nimeanza kwenda 2011 na nimeyaona yakinyauka.

Enzi zile ulikuwa mnada hasa. Mlangoni polisi anaikagua bunduki yako kama haina risasi, anaifunga kwa kamba ya plastiki, unalipa kiingilio, unaingia banda ambalo wiki iliyopita lilikuwa la ng'ombe. Mosin-Nagant za Mrusi, mitumba ya jeshi, zimejaa grisi ya ghala, na hazikufika dola 100. Nilichukua moja. Jumamosi nzima nikawa naimwagia maji ya moto kutoa ile grisi, shemeji yenu akauliza kama nimeleta bunduki au injini ya trekta. Leo kwa bunduki ileile nimetajiwa zaidi ya mara nne ya bei hiyo.

Kilichoua ni simu. Zamani bei mliijua wewe na mwenye meza. Sasa naye anachungulia GunBroker, mnada wa bunduki wa mtandaoni, akiona moja safi imeuzwa ghali anaibandika bei hiyohiyo kwenye yake yenye kutu, halafu hapunguzi hata senti. Mitumba nayo imekauka: za Mchina zilifungiwa 1994, kampuni ya Kalashnikov ya Urusi ikawekewa vikwazo 2014, na tangu 2021 vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi havitoki. Sheria ya 2022 ikapanua maana ya mfanyabiashara wa silaha, na wazee kadhaa waliokuwa wakiuza mbili tatu zao bila leseni wakaona heri wakunje meza.

Kulikuwa na babu mmoja aliyeuza vibanio vya M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, vile vya kushika risasi nane. Ndiye aliyenionyesha namna ya kuzuia mkono wa bolti kwa ubavu wa kiganja ukipakia risasi, ili bolti, kile chuma kinachojifunga chenyewe, isikubane kidole gumba. Kidole chake chenyewe kilikuwa na ukucha mweusi, kwa hiyo somo liliniingia. Mwaka jana pale pake nilikuta nyama kavu ya ladha kumi na mbili. Mwenye meza hakumjua babu.

Ukikaza kuja, njoo Jumapili saa nane mchana, watu wakiwa wanafungasha, ukiwa na pesa taslimu. Hapo angalau wanasikiliza. Ila wewe ni mkazi wa Kentucky: bastola huwezi kuondoka nayo hapa, lazima itumwe kwa muuzaji mwenye leseni huko kwenu. Bunduki ndefu chukua kwa mwenye leseni tu, ujaze fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha. Ukiwa na grini kadi kama mimi, beba namba yako ya uhamiaji na usishangae ukiambiwa usubiri siku kadhaa wakikuchunguza. Kwa hiyo piga hesabu ya mafuta ya kurudi mara ya pili.