Jibu kwa dogo wa Tabora anayeuziwa dawa ya kigugumizi

Dogo nimesoma maelezo yako yote, upo Tabora mjini, una intavyuu wiki ijayo, kigugumizi kinakukosesha usingizi na kuna mtu kakufuata PM anakuuzia dawa ya kunywa na nyingine ya kupaka chini ya ulimi kwa elfu themanini. Usitume hiyo hela. Naanzia hapo kabla hujaingia M-Pesa.

Mpaka leo hamna dawa iliyothibitishwa kutibu kigugumizi, hata Marekani mamlaka yao ya dawa haijapitisha hata moja, wanajaribujaribu tu zile zinazogusa dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, sasa huyo wa PM ya kwake kaitoa wapi? Mimi ninacho tangu naanza kuongea, nimekulia Ujiji, saivi nauza dagaa na migebuka Kibirizi hapahapa Kigoma, na kwetu walinijaribishia vyote. Nimekatwa kimeo, nikakatwa na udata, ule utepe unaobana ulimi kwa chini, ambao wala sikuwa nao, nimepigwa mwiko mdomoni asubuhi kabla ya chai eti jirani kasema ndo kiboko yake, shangazi akaja na yake ya kuongea na kokoto mdomoni. Kigugumizi kikakaa palepale kinawaangalia.

Sio uoga, sio kwamba ulitekenywa sana utotoni, na mama yako hakukosea kitu. Ni jinsi ubongo unavyopanga mwendo wa kuongea, zile sehemu za upande wa kushoto zinazoratibu usemi kwa watu kama sisi zinawasiliana tofauti kidogo. Na kinatembea kwenye damu, kwetu babu alikuwa nacho, baba mdogo anacho, nikaja mimi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, timu ya Dennis Drayna, walitangaza jeni tatu, vile vipande vya urithi toka kwa wazazi, zinazohusika, walianzia kwenye familia za Pakistani, halafu 2015 wakaongeza nyingine waliyoipata kwenye ukoo mmoja wa Kameruni. Sio kila mwenye kigugumizi anazo hizo jeni, ni wachache, ila ilinitoa ile fikra ya kurogwa. Watoto kama 5 kwa kila 100 wanakipitia na wengi wao kinaondoka chenyewe, kwa watu wazima anabaki kama mmoja kwa 100, wanaume tukiwa wengi kuliko wanawake kama mara nne hivi. Kigoma sensa ya 2022 tulikuwa milioni 2.4 na ushee, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, tupo maelfu ila kila mtu kajificha kivyake.

Kuna kitu kilikuwa kinanichanganya, madrasa tukisoma wote kwa pamoja sikwami hata herufi moja, ustadhi akisema haya wewe soma peke yako nimekwisha. Nilidhani nina matatizo ya akili. Kumbe ni dunia nzima, ukiimba au ukisoma pamoja na wenzako kigugumizi kinapungua sana au kinapotea kabisa, na hata ukiongea peke yako chumbani, kuna utafiti wa chuo kikuu cha New York wa 2021 ulionyesha watu wazima wakiamini hamna anayewasikia karibu hawagugumizi kabisa. Yaani mdomo wako ni mzima dogo, shida inaanza pale mtu mwingine anaposubiri neno lako.

Na kilichonila sana sio kukwama, ni kukwepa. K ndo adui yangu, na nimezaliwa Kigoma nafanya kazi Kibirizi, fikiria. Mtu akiniuliza unatokea wapi nasema mwisho wa reli, watu wanacheka wananiona mchangamfu kumbe naikimbia K. Mgahawani natamani kuku naagiza samaki. Mteja anauliza kilo bei gani namjibu kwa sado. Akisema ghali nashusha hapohapo, sio kwamba soko limeshuka, ni kwamba kubishana bei kunataka maneno mengi na mimi nataka yaishe, hasara niliyoingia kwa staili hiyo hakuna wa kunilipa. Simu ndo usiseme, mteja wa Dar anapiga, napokea, anasema haloo, mimi neno la kwanza limeganda, koo limefunga hata hewa haitoki, yeye anasikia kimya, haloo, haloo, mtandao gani huu, anakata na kumpigia jirani yangu wakati magunia yangu yamejaa.

Kilichonisaidia nilikipata nilipompeleka mgonjwa Dar, hospitalini nikakutana na mtaalamu wa usemi, dada mmoja mpole, huku kwetu kuwapata ni kazi. Hakuniahidi kunitibu, na hilo ndo lilifanya nimwamini. Alinifundisha nisisukume, neno likiganda nisimame hapohapo kwenye kuganda, nilegeze mdomo na koo, halafu nilichomoe taratibu, mbinu hizo asili yake ni Mmarekani mmoja anaitwa Charles Van Riper ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Halafu akanipa homework ya ajabu, nigugumize makusudi kwa watu nisiowajua. Nikarudi Kigoma nikaenda soko la Mwanga, mapigo ya moyo nayasikia masikioni, nikamwambia mama mmoja k-k-k-kitenge hiki shilingi ngapi. Akataja bei huku anakunja vitenge vingine, hata kichwa hakuinua. Nilijiona mjinga kweli, miaka yote hiyo nakwepa!

Saivi nikipokea simu kitu cha kwanza nasema nina kigugumizi, ukisikia kimya sio mtandao, nisubiri. Wengi wanasubiri, na bei natetea. Na wewe kwenye intavyuu fanya hivyohivyo, sema mwanzoni kabisa kabla hawajauliza swali, kwa sentensi moja, bila kuomba msamaha. Ujue jina lako ndo litakusumbua zaidi kwa sababu halina mbadala, likiganda libaki limeganda, usilikimbie, usimalize kwa kuonyesha cheti. Usikariri majibu ili uyakimbize, utakwama vibaya zaidi. Wanaokuambia kazi ya kuonana na watu haikufai waambie Joe Biden alikuwa rais wa Marekani na kigugumizi chake, na Nabii Musa aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, akaomba na Harun awe msaidizi wake, na bado yeye ndo alitumwa kwa Firauni.

Sikudanganyi, bado nakwama. Jana tu nimekwama mbele ya kuli.

Tuna grupu la WhatsApp la wenye kigugumizi, watu wa Kasulu, Kigoma mjini, mmoja yupo hukohuko kwenu Tabora anaendesha bodaboda. Sheria ni mbili, voice note tu hamna kuandika, na hamna kukata kipande ulichokwama ukarekodi upya. Kila 22 Oktoba, siku ya kigugumizi duniani, wa Kigoma tunakutana tunakula migebuka na kuongea hadi tuchoke. Nifuate PM nikuunge, jamaa wa bodaboda anaweza hata kukufanyisha mazoezi ya intavyuu.

Umeuliza pia ufanyeje na mama yako anayekumalizia maneno. Mwambie kwa heshima mkiwa wawili tu, mama naomba nimalize mwenyewe hata nikichelewa. Wangu nilimwambia, akaelewa, ila akisahau bado anamalizia na anamalizia vibaya, juzi naomba kijiko kaniletea kikombe.