Mwanangu ana pumu, je ni kweli doodle hana aleji?

SWALI: Daktari shikamoo. Mtoto wetu wa miaka 7 anataka mbwa, shida ana pumu na tukienda kwa watu wenye mbwa anaanza chafya na macho kuwasha. Muuzaji ametushauri tuchukue doodle, yaani chotara wa poodle (mbwa wa nywele za mikunjo), huyu ni Goldendoodle, wa Golden Retriever na poodle, wa F1B, anasema huyo hana aleji asilimia mia, hamwagi nywele na ni mpole kwa watoto. Tumeshatoa advansi. Tuendelee?

JIBU: Marahaba. Upole tutaufikia, ngoja kwanza nimalizane na hiyo asilimia mia manake ndo inanikera kuliko yote, na wengi wanaoniletea doodle kliniki waliuziwa kwa maneno hayo hayo.

Kinachomsumbua mwanao si nywele. Ni protini za mbwa, maarufu zaidi inaitwa Can f 1, ipo kwenye mate na kwenye ngozi, mbwa anajilamba, mate yanakauka, ngozi inapukutika vumbi jepesi ambalo hata hulioni, linapaa, linatua kwenye sofa, zulia, shuka, nguo za shule. Mwenye singa anayo, mwenye mawimbi anayo, mwenye kipilipili anayo, na hata yule asiye na nywele kabisa ana ngozi na ana mate. Watafiti wa Uholanzi mwaka 2012 waliwapima mbwa wanaosifiwa kuwa hawana aleji, poodle na Labradoodle (chotara wa Labrador na poodle) wakiwemo, wakawalinganisha na mbwa wa kawaida. Kwenye nywele za hao wanaosifiwa Can f 1 ilikuwa nyingi zaidi, sio pungufu! Na hewani ndani ya nyumba tofauti hawakuiona.

Halafu kinachochekesha ni kwamba hadithi yenyewe ya doodle inawaumbua wauzaji. Mwaka 1989 huko Australia, Wally Conron aliyekuwa kwenye shirika la mbwa wa kuongoza wasioona alimpandisha Labrador na poodle kwa ajili ya mama mmoja wa Hawaii asiyeona vizuri ambaye mumewe alikuwa na aleji. Wakazaliwa watatu. Sampuli za nywele na mate zikapelekwa kwa yule mume, na ni mmoja tu, Sultan, ambaye hakumsumbua. Mmoja kati ya watatu, tumbo moja, mama mmoja baba mmoja. Conron mwenyewe baadaye akasema hadharani kwamba anajutia alichokianzisha. Sa muuzaji wako asilimia mia kaitoa wapi?

Hiyo F1B maana yake chotara amerudishwa tena kwa poodle, kwa hiyo kwa hesabu ni robo tatu poodle, basi. Inaongeza uwezekano wa mikunjo na wa kutomwaga nywele, ila haigusi mate. Na watoto wa tumbo moja bado wanaweza kutoka tofauti kabisa.

Na hilo la kutomwaga nywele nalo lina bei yake ambayo hamkuambiwa. Nywele zilizokufa zinabaki humo humo zinajisokota, hasa nyuma ya masikio, kwapani na pale kola inapokaa. Watu wananiambia daktari mbona tunambrashi kila siku, kweli, juu. Chukua kitana cha chuma, kiingize mpaka kwenye ngozi nyuma ya sikio halafu vuta, kikikwama ujue huko chini kumeshaganda. Wengine tunawanyoa nywele zinatoka kipande kizima kama mkeka na ngozi chini yake ni nyekundu, imelowa, inanuka. Kwa hiyo ni kitana mara kwa mara na kunyolewa kila wiki 6 hadi 8, maisha yake yote.

Upole haya, sina ubishi, wengi ni wachangamfu, wanapenda watu, wanafundishika haraka. Ila kumbuka wazazi wa Goldendoodle wote wawili asili yao ni mbwa wa kazi, wa kumfuatia mwindaji na kumrudishia ndege, yule mkubwa anafika kilo 25 na zaidi, asipotembezwa na kupewa cha kufikiria atakula viatu na kumwangusha mtoto kwa furaha tu.

Kwa mwanao: aanze kwa daktari wake wa aleji, apimwe. Kuna protini nyingine, Can f 5, inatoka kwenye tezi dume, yaani ni ya madume tu. Mtoto mwenye aleji ya hiyo peke yake anaweza akavumilia jike vizuri tu, na hiyo ni habari yenye faida kuliko F1B zote. Pumu yake ikiwa imetulia na daktari akiruhusu, akakae na mbwa yule yule mtakayemchukua, zaidi ya mara moja, dawa ya kuvuta ikiwa karibu. Kumshika papi dakika kumi hakuthibitishi kitu, bado mdogo na hata nywele za ukubwani hajaota. Na mkikosea, hizo protini zinakaa nyumbani miezi hata mbwa akishaondoka.

Msije mkahangaika na wale wa kupima aleji kwa unywele wa mtoto, wala spreyi za "kuua aleji", wala wanaosema mnyoe mbwa kipara. Kumuosha kunapunguza, ila baada ya siku chache imerudi pale pale. Na mtu akikwambia chotara haumwi kwa sababu ni chotara, mwulize picha za eksirei za nyonga za wazazi na majibu ya macho. Utafiti wa Uingereza wa 2024 uliwalinganisha Cockapoo, Labradoodle na Cavapoo, wote chotara wa poodle, na mbegu walizotoka, na kwa magonjwa mengi hawakuwa na unafuu wowote. Wapo wazalishaji waaminifu, hao vipimo wanakuonyesha kabla hujauliza.

Advansi yako jaribu hivi: mwambie muuzaji aandike kwenye mkataba kwamba mtoto akizidiwa atampokea mbwa na kurudisha hela yote. Kama kweli ni asilimia mia hatasita kusaini, akianza kuzunguka dai hela yako mapema.