Bado hujafika 641

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kidato cha pili amekuja nyumbani na namba 4,294,967,297. Anadai bingwa mmoja wa zamani alisema ni namba tasa. Mimi nauza vitenge hapa Ngamiani. Wateja wakipungua nashika kikokotoo cha simu: nimegawanya kwa 3, 7, 11, 13, nimefika 113, kila mara inatoka desimali. Nikubali yaishe?
Mama Z., Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikubali, ila acha kugawanya hivyo. Kwa njia hiyo, kama namba yenyewe ingekuwa tasa kweli, ungelazimika kupita namba tasa zote hadi 65,536 ndipo uwe na hakika, nazo ni 6,542. Vitenge vitaliwa na nondo.

Bingwa mwenyewe ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliyefanya hesabu kwa kujiburudisha tu. Chukua 3: toa 1, jibu lizidishe kwa lenyewe, ongeza 1. Unapata 5. Rudia: 17, kisha 257, kisha 65,537. Zote tasa. Mwaka 1640 Fermat akaamini mnyororo mzima uko hivyo, na namba inayofuata ndiyo hiyo ya kijana wako. Mtu makini kama yule, sijui kwa nini hakuijaribu kidogo tu.

Aliyemuumbua ni Leonhard Euler, Mswisi, mwaka 1732, akiwa kijana wa miaka 25. Baadaye alithibitisha jambo tamu: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Basi anza na 65, uwe unaongeza 64 kila mara, na zisizo tasa uziruke. Unabaki na 193, 257, 449, 577, 641. Ni sawa na kutafuta nyumba ya mtu Ngamiani kwa kubisha kila mlango, mpaka mtu akuambie, “Yuko barabara ya kumi na mbili.”

Sasa shika simu. Kwa 193 inabaki 109. Kwa 257 inabaki 2. Kwa 449 inabaki 325, kwa 577 inabaki 288. Kwa 641 haibaki kitu: jibu ni 6,700,417 kamili, nayo ni tasa. Majaribio matano, hata chai haijapoa.

Kijana akikuletea namba inayofuata kwenye mnyororo, 18,446,744,073,709,551,617, kikokotoo cha simu usikiamini, vikokotoo vingi hukata tarakimu za mwisho. Hiyo nayo si tasa: ni 274,177 mara 67,280,421,310,721. Mfaransa Fortuné Landry aliutangaza mgawanyo huo mwaka 1880, akiwa na miaka 82. Ananizidi sita, kwa hiyo bado nina muda.