Usiisome halijoto ya Curie kwa macho

Wiki tatu nzima nilitembea kifua mbele kwa sababu ya namba isiyo sahihi. Nilikuwa napima utando wa bismuthi, antimoni na teluri, kihami cha kitopolojia (kinachozuia umeme ndani lakini kuupitisha juu yake) kilichotiwa kromiamu, nikitafuta halijoto ya Curie, yaani ile ambayo usumaku wake unatoweka. Nikapata kelvini 22. Tulipopima upya, ikawa 15.

Kosa lilikuwa kwenye sumaku ya mashine. Koili ya kipitishi kikuu, yaani waya usio na ukinzani wa umeme, ukishaipandisha hadi tesla kadhaa kisha ukaishusha, hairudi sifuri kamili hata kama skrini inaonyesha 0.000. Militesla chache hunasa ndani ya waya. Kiasi hicho kinatosha kuzielekeza kidogo atomi za kromiamu hata baada ya mpangilio wao kuvunjika, hivyo grafu inaota mkia mrefu, nawe unadhani usumaku bado upo. Siku hizi nashusha uga wa sumaku kwa kuuyumbisha, chanya kisha hasi, kila zamu mdogo kuliko uliotangulia, mpaka uishe.

Hata hivyo usitafute pale kitanzi cha Hall kinapojifunga, yaani pale grafu ya ukinzani wa Hall (ule wa kukingama na mkondo wa umeme) inapoacha kutofautiana uga ukipanda na ukishuka. Macho hudanganya, hasa ukiwa na hamu ya namba kubwa. Ondoa kwanza sehemu ya Hall ya kawaida, ule mstari ulionyooka kwenye uga mkubwa. Kisha chora grafu ya ukinzani wa Hall uliobaki, ukiuzidisha kwa wenyewe, dhidi ya uga uliogawanywa kwa ukinzani huohuo. Kila halijoto itakupa mstari wake. Ule ambao ukiurefusha kutoka upande wa uga mkubwa unapita kwenye sifuri ndio wa halijoto ya Curie. Inachosha, lakini ndiyo iliyoniumbua.

Na usichanganye mambo mawili. Usumaku kuanza kwenye kelvini 15 hakumaanishi Hall ya kikwanta isiyohitaji uga wa nje, ambapo ukinzani wa Hall hutulia kwenye thamani moja maalumu, itaonekana hapo. Ilipoonekana mara ya kwanza, mwaka 2013 huko China, ukinzani ulitulia kwenye kiloomu 25.8 sampuli ikiwa kwenye milikelvini 30. Kromiamu haisambai sawasawa, na joto kidogo tu linaamsha elektroni za ndani ya utando.

Kuna badiliko jingine linalokuja kwa kubadilisha mchanganyiko, wala si joto: ukiweka seleni badala ya teluri, uhusiano wa spini na mzunguko wa elektroni unadhoofika, mpinduko wa bendi (kubadilishana nafasi kwa ngazi za nishati za elektroni, unaokifanya kihami kiwe cha kitopolojia) unapotea, na usumaku unaondoka nao. Hapa niliumia tena. Sampuli zangu zilitofautiana pia kwa kromiamu, nayo ni atomi nyepesi inayokaa mahali pa bismuthi nzito, kwa hiyo yenyewe inadhoofisha uhusiano uleule. Sikuweza kujua nani kaua usumaku. Nilizitupa zote nikaanza upya, kromiamu ileile kwa kila sampuli, seleni pekee ikibadilika.